Inzi wa dembo na ng'ombe wa yule kijana



Mwezi huu nilitaka kuendelea na maneno ya ndoa za vijana. Ndoa zitangoja. Leo nataka kusema juu ya inzi. Musicheke. Ni inzi wa kuuma, wale wanaofuata ng'ombe katika dembo wakati wa mvua. Kwa sababu yao mama mmoja mzee wa kanisa letu alikuwa karibu kuchomewa nyumba, na mimi pasta wenu nilikuwa karibu kunyamaza.

Ilikuwa mwaka 2021, mwezi wa pili, mvua nyingi. Kijana mmoja wa kwaya yetu alikuwa amechimba mawe miaka 3 katika yale mashimo tunayoyajua sisi wote, mahali vijana wanaingia asubuhi na wengine hawatoki. Yeye alitoka. Tena hakukula franka zake katika bia. Alinunua ng'ombe 4, dume moja na majike matatu. Siku ya Mungu nilimsimamisha mbele ya vijana wenzake, nikasema: Tazameni.

Aliwaweka ng'ombe kando ya dembo, karibu na shamba la mahindi la shangazi yake, mjane. Majani mengi, maji karibu, unataka nini tena? Lakini mwezi wa kumi na mbili ng'ombe wakaingia mahindi yale mara mbili. Mama akakasirika, akasema neno ambalo watu walilishika: «Hizi ngombe zako, utaziona.» Mwezi wa kwanza ng'ombe wakaanza kukonda. Majani yanafika magotini, nao wanakonda! Mwezi wa pili jike moja likalala, halikuamka.

Jioni moja yule kijana akaja kwangu na wenzake wawili.

«Baba Pasta, tunaomba utuombee tu. Tunaenda kwa ule mama usiku huu.»

«Kumufanya nini?»

«Aseme fasi aliweka dawa. Mufumu ameisha kutuambia. Ni mwanamuke wa jamaa, anakaa upande jua inashukia.»

Nitasema kweli, maana ukurasa huu si wa kujipamba. Nilikaa kimya. Nimesoma Masomo ya Biblia, nimehubiri mara ngapi juu ya mfalme Ahazia, yule aliyeanguka kutoka chumba cha juu akaumia, akatuma watu kuuliza habari kwa Baal-zebubi mungu wa Ekroni, kama vile katika Israeli hakuna Mungu. (Someni 2 Wafalme sura ya 1. Jina Baal-zebubi maana yake ni bwana wa inzi, na mimi siku ile sikulikumbuka.) Nimehubiri hayo yote, lakini ndani yangu sauti ya mukini ilikuwa inasema: labda. Ile «labda» imeua wamama wengi katika inchi yetu.

Nikawaambia: «Mulale hapa. Kesho asubuhi twende wote tuone nyama. Kama ni ulozi, hautakimbia usiku huu.» Bibi yangu akawapikia bukari. Nilifunga mlango kwa ufunguo, na ufunguo nikalala nao.

Asubuhi tulifika dembo, jua limeanza kuwa kali. Kule nilikosomea Biblia kulikuwa ng'ombe, na sisi wanafunzi tulichunga kwa zamu, basi macho yangu yanajua kidogo. Wale watatu waliobaki walikuwa wamesimama pamoja, wamesongana vichwa katikati, wala hawali. Mguu mmoja unapiga chini, pa! Halafu mwingine, pa! Mkia haupumziki. Nikamwambia kijana: «Tangu tufike, umeona hata mmoja akila majani?» Akasema hapana. «Na jana?» Akafikiri. «Jana vile vile. Wanakula usiku kidogo.» Basi, ng'ombe anayepiga miguu mchana kutwa atanenepa wapi?

Tukakaribia polepole, tukatazama. Walikuwa inzi wa namna tatu, na hapa nawaomba baba na vijana wenye nyama, ng'ombe ao mbuzi, musome polepole, maana kila mmoja ana nyumba yake na dawa yake. Ukipigana na mmoja kwa dawa ya mwingine unapoteza franka.

Wa kwanza anafanana na inzi wa nyumba kabisa. Watu wanasema inzi wa nyumba wameanza kuuma. Hapana, si yeye. Tazama mdomo: huyu ana sindano inayochungulia mbele ya kichwa. Anauma miguu, kwa hiyo ng'ombe anapiga miguu. Akishiba anakwenda kukaa juu ya mti wa zizi kwenye jua. Anazaa katika mavi yaliyochanganyika na majani mabovu yenye maji. Zizi la yule kijana lilikuwa na mavi ya miezi mitatu, kimo cha mkono. Yeye alikuwa anamlisha adui wake nyumbani.

Wa pili ni yule mkubwa, wa macho makubwa ya kung'aa, ambaye waliosoma Kifaransa wanamwita taoni. Dume lake halinyonyi damu. Jike ndilo linauma, tena halitoboi kama sindano, linakata ngozi kama visu, damu ikitoka linairamba. Ndiyo maana utaona damu inashuka kwenye tumbo la ng'ombe hata inzi ameisha kwenda. Huyu anazaliwa katika matope ya dembo, na mchana wa jua ndio saa yake. Mavi ukiyaondoa yote, yeye hajali.

Wa tatu alikuwa mmoja tu, nikamwonyesha kijana kwa kidole. Ni mdogo kuliko taoni, rangi ya udongo, na akitulia anapanga mabawa yake moja juu ya lingine kama mkasi uliofungwa. Ni mbung'o, yaani tsetse. Nikamwambia kijana: «Muone huyu.»

Tulimwita veterineri kutoka mjini. Alitazama kope za macho, ndani zilikuwa nyeupe, damu imepungua. Manyoya yamesimama, matezi ya shingo yamevimba. Akachukua damu katika mshipa wa sikio, akaenda kuitazama kwa mikroskopi. Kijana alikwenda naye, naye akaniambia habari aliporudi: «Pasta, niliona mwenyewe. Viko ndani ya damu vinaogelea, vinatingisha damu.» Wawili kati ya watatu walikuwa navyo. Ugonjwa huu unaitwa nagana, na ni ndugu wa ugonjwa wa usingizi unaoshika watu.

Neno hili si jipya. David Livingstone, ambaye jina lake munalijua kanisani, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1857 kwamba walipoteza maksai 43 kwa kuumwa na mbung'o, tena hawakuona inzi wengi juu ya nyama wao. Wachache tu wanatosha. Lakini namna gani inzi anaua, yeye hakujua. Ni daktari David Bruce aliyeona vile vijidudu katika kazi yake kule Zululand, Afrika ya Kusini, kuanzia mwaka 1894. Tangu pale tunajua: mbung'o anavibeba kutoka nyama mmoja mpaka mwingine, na nyama wa pori anaweza kuwa navyo bila kuonekana mgonjwa. Taoni na yule wa kwanza nao wanaweza kupitisha namna fulani ya vijidudu hivi wakati mdomo wao bado una damu mbichi.

Mmoja wa wale vijana wawili (yule aliyekuwa mkali zaidi siku ile ya kwanza) aliuliza swali zuri: «Veterineri, njo maana sisi hatuna farasi?» Veterineri akasema ndiyo, kwa sehemu kubwa. Nagana inashika farasi vibaya, na katika inchi ya mbung'o farasi hakai sana. Ndiyo maana babu zetu walibeba mizigo kichwani, na ndiyo maana tangu zamani watu walipenda kufuga ng'ombe juu ya milima ya Biano, kule juu kwenye baridi, mahali mbung'o hapapendi.

Halafu akatuambia habari ya farasi wa Ulaya, na hii ilitufaa. Kule hakuna mbung'o, lakini wakati wao wa joto, mwezi wa sita mpaka wa nane, taoni wanatesa farasi katika majani mpaka wanakimbia na kuvunja ua. Wenye farasi wanafanya nini? Wengi wanawafungia ndani mchana, maana taoni hapendi kuingia mahali pa giza, na usiku wanawaachilia wale majani. Wengine wanatundika mpira mweusi unaong'aa chini ya hema dogo. Taoni anaona kama ni mgongo wa nyama, anaukaribia, halafu akiruka juu anaingia katika chupa. Na katika mwaka 2019 huko Uingereza wenye elimu waliwavalisha farasi nguo ya mistari kama punda milia. Taoni walikuja karibu vile vile, lakini wachache sana walitua juu ya ile nguo. Kichwani, mahali hakukuwa nguo, walitua kama kawaida. Mwaka ule ule Wajapani walipaka mistari myeupe juu ya ng'ombe weusi, na inzi waliouma wakapungua karibu nusu. Walipaka pia ng'ombe weusi mistari myeusi, kuona kama ni harufu ya rangi inayofukuza, haikusaidia kitu. Ni mistari yenyewe inayochanganya macho ya inzi wakati anataka kutua.

Sisi wa Katanga tungestahili kujua hayo kwanza, maana punda milia wa mwisho wa Kongo wako kwetu, katika Upemba. Tangu utoto tunawaona katika picha. Nani kati yetu aliuliza mistari ile ni ya nini?

Basi tukaanza kazi. Nitasema yaliyofaa na yasiyofaa.

Kwanza dawa. Veterineri alipiga sindano ya diminazini kwa wale wawili, kwa kipimo cha uzito wao. Musikubali nusu ya dozi kwa sababu ya bei; nusu ya dozi haiponyi, inafundisha kijidudu kuizoea dawa. Na musinunue kwa yule anayetembeza sindano katika mfuko sokoni. Maziwa na nyama, mungoje zile siku veterineri alizosema.

Pili, tulihamisha zizi. Tulilitoa kando ya dembo, tukalijenga juu, mahali pa upepo, mbali na miti mizito. Mavi tukaondoa yote siku moja, jasho likatuisha, halafu kila juma. Kwa nini kila juma? Kwa sababu yule inzi wa kwanza anahitaji karibu majuma 3 toka yai mpaka kuruka. Ukiondoa mavi na kuyatandaza kwenye jua yakauke, ao kuyapeleka shambani, mtoto wake anakufa njiani. Hii haikuomba hata franka moja, na ndiyo iliyoonyesha matunda upesi. Katika mwezi mmoja ng'ombe walipunguza kupiga miguu.

Tatu, saa za kula. Tulibadilisha kama watu wa farasi: mapema kabisa kabla ya jua kuwa kali, na jioni. Mchana katikati wanakaa chini ya paa la majani, penye kivuli na moshi wa mavi makavu. Lakini sikilizeni, mbung'o naye anapenda asubuhi na jioni, kwa hiyo saa hizo hatukuwapeleka kando ya miti ya mto hata kidogo.

Nne, dawa ya deltametrini kwa pompi, juu ya miguu na tumbo. Hapa veterineri alitufundisha jambo la akili. Mbung'o hatui ovyo juu ya ng'ombe. Anatua zaidi kwenye miguu na tumbo, tena zaidi ya yote anachagua ng'ombe mkubwa. Kwa hiyo huna haja ya kuosha kundi zima tangu pembe mpaka mkia. Unapunguza dawa na bei. Lakini usioshee pompi mtoni, samaki watakufa. Na wale wanaopaka ng'ombe mazuti ao mafuta meusi ya gari, waache. Ngozi inaungua, inafanya vidonda, na vidonda vinaita inzi wengine.

Tano, vitambaa. Mbung'o anavutwa na rangi ya buluu, na anatua juu ya nyeusi. Unashona kitambaa cha buluu na cheusi pamoja, unakitia dawa, unakisimamisha kwa miti miwili mahali wazi karibu na njia ya ng'ombe, na chini unaweka chupa wazi ya mkojo wa ng'ombe uliokaa, maana wale mbung'o wa pori wanafuata harufu. Watu wanauliza: utaua inzi wote wa pori kwa kitambaa? Hapana. Lakini inzi huyu hazai kama wengine. Jike linazaa mtoto mmoja tu kila siku 9 ao 10, na katika maisha yake ni mara chache linapita watoto 10. Wenye elimu wamehesabu kwamba ukiua majike 4 tu katika kila 100 kila siku, bila kuacha, kabila lao linaanza kuisha mahali pale. Kisiwa cha Unguja kule Zanzibar walimaliza mbung'o kabisa, mwaka 1997, lakini wao waliongeza kazi ya kumwaga kwa ndege madume yasiyozalisha, na bahari inawazunguka. Sisi pori liko nyuma ya nyumba. Ukiacha miezi, wanarudi.

Vitambaa vilikuwa 6. Juma la pili vikabaki 5. Cha sita nilikiona siku ya Mungu, kimekuwa kaptula ya mtoto mmoja wa Shule ya Jumapili, buluu na nyeusi, imeshonwa vizuri sana. Nilimwita mama yake pembeni, nikamweleza kwamba kitambaa kile kina dawa. Alilia kwa haya. Tulimnunulia kaptula nyingine.

Na mistari? Tulijaribu. Hatukuwa na rangi, basi tulichukua pemba, udongo mweupe, tukapaka lile dume letu jeusi. Watoto wa mtaa mzima wakaja kuona «punda milia ya Pasta». Siku mbili kweli taoni walipungua juu yake, tulihesabu. Siku ya tatu mvua ikanyesha, mistari yote ikashuka dembo. Tukapaka tena, ikanyesha tena. Katika mvua yetu pemba haifai; wakati wa kipwa labda, lakini wakati wa kipwa taoni wenyewe ni wachache. Msomaji mwenye njia bora aandike.

Mwezi wa tatu jike moja kati ya wale wawili wagonjwa likakufa. Lilikuwa limechelewa mno, nguvu zilikuwa zimeisha. Usiku ule niliogopa kuliko siku ya kwanza. Nikawaza: sasa watasema, mumeona? Nikaenda kwa kijana bila kuitwa. Nilimkuta amekaa nje, na mikononi ana ile karatasi ya veterineri. Akasema: «Baba Pasta, usiogope. Mimi niliona ndani ya mikroskopi.»

Lakini jambo la shangazi halikuisha pale. Yeye alijua yote. Mukini neno linafika mbele ya mtu. Alijua kwamba usiku ule watoto wa kaka yake walitaka kumjia, na kwamba mimi nilikuwa na ufunguo. Kwa majuma mengi alipita mbele ya nyumba yangu bila kusalimia, akakaa katika kanisa kiti cha nyuma kabisa, yeye aliyekuwa anakaa mbele tangu mume wake akiwa mzee wa kanisa. Nikamwendea na yule kijana. Kijana akapiga magoti, akaomba masamaha. Mimi pia nikamwambia: mama, ile jioni nilikaa kimya, nisamehe.

Alituangalia muda mrefu. Halafu akasema: «Pasta, mwanangu, nimesikia. Bangombe mulisema ni inzi. Ni vizuri. Na mahindi yangu je? Inzi njo ilikula mahindi?»

Hatukuwa na jibu. Katika maombi yetu yote, katika vitambaa na pemba na sindano, hakuna mtu aliyekumbuka kwamba ng'ombe walikuwa wamekula shamba la mjane mara mbili, na kwamba lile neno lake la hasira lilikuwa na sababu.

Alihesabu magunia 2. Kijana alileta gunia la kwanza mwezi wa tano, wakati wa mavuno. La pili lilikawia mpaka mwaka uliofuata, baada ya lile jike lililobaki kuzaa. Siku hizo mama alikuwa amekwisha kutushonea vitambaa vipya 4, maana mashine yake ni nzuri, akakataa malipo ya kushona. Lakini gunia alilipima kwa mikono yake, akalitikisa, akasema linapungua.